Nimemuuliza Mwenye Posa

Kitendawili!

Itikia basi, usinitumbulie macho. Huposa kila siku, hajaoa mpaka leo. Nani huyo?

Umesema jogoo? Jogoo haposi, acha mzaha. Umeshindwa. Haya, nipe mji. Unanipa Dar es Salaam? Siutaki, una joto. Nipe Morogoro, mji kasoro bahari. Ehe! Nimepewa Morogoro, nikaenda Morogoro, nikala njegere za milimani nikashiba, na wenyeji wakanipa jibu: ni mshenga. Yeye ndiye anayetumwa kwa watu kumwaga maneno ya posa, tena kwa ufundi, lakini siku ya harusi mke ni wa mwingine.

Ila Morogoro niliyopewa mimi si hii unayoijua wewe. Ni ile ambayo bado haijafika, ambako roboti hufagia soko kabla wauzaji hawajaamka, na magari yanajiendesha yenyewe huku wenye magari wakisuka nywele ndani. Na mshenga wa mji huo si mzee mwenye kanzu na bakora. Ni mwanga.

Asubuhi moja mshenga wa namna hiyo alikuwa kazini katika ukumbi wa Baraza la Safari za Milimani. Alisimama katikati, mrefu, koti limemkaa, mikono ikipanda na kushuka taratibu kama ya mtu anayekunja shuka. Ukimtazama kwa ubavu uliuona ukuta kupitia kifuani mwake. Alikuwa ametoka kwenye bangili iliyovaliwa na bwana mmoja aliyekaa nyuma yake juu ya kigoda, kimya, magoti pamoja, kama bwana harusi aliyepelekwa ukweni.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda siku hizo. Mwenye bidhaa ya kuuza, mwenye kuomba kibali, hata kijana anayetafuta kazi, hakuna aliyesimama mwenyewe mbele za watu. Aliisimulia bangili jambo lake, na bangili ikamtoa Mshenga. Mshenga aliichukua sauti ya mwenyewe akaipiga msasa: vikohozi vikatoka, kigugumizi kikatoka, "eee" na "yaani" zote zikafagiliwa nje. Machoni alikuwa na kisomanyuso, chombo kilichotazama kila uso ukumbini kikajua nani anapiga miayo, nani amekunja ndita, nani ana njaa. Palipo na miayo alichekesha. Palipo na ndita alitaja takwimu. Palipo na njaa alifupisha.

Kwenye safu ya nyuma, Stumai Banzi alikuwa akisubiri zamu yake. Alikuwa mhandisi wa kamba, mwanamke mwembamba mwenye viganja vigumu, na viganja hivyo vilikuwa vimelowa jasho. Ubavuni mwake alikaa Feruzi Kobero, mwenzake wa karakana pale Kihonda, mtu ambaye hata msibani alitafuta la kucheka.

"Lile koti," Feruzi alimnong'oneza, "hata angekuwa anauza upepo ningenunua."

"Anauza upepo hasa," Stumai akajibu. "Vile vyombo vyake vya kupaa, vikifika korongoni vitarushwa kama makopo."

"Sasa si umwambie Mshenga wako aseme hivyo?"

"Nimemwambia. Amesema si adabu kumponda mshindani."

"Makubwa! Adabu kakuzidi hata wewe mwenyewe."

Stumai hakucheka. Baraza lilikuwa na kibali kimoja tu, na kibali hicho kilikuwa cha kijiji cha Lukolongo, alikozaliwa. Lukolongo imekaa begani kwa milima ya Uluguru, ng'ambo ya korongo ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Barabara ilichongwa, mvua ikaiporomosha. Ikachongwa tena, ikaporomoka tena. Wagonjwa walishushwa kwa machela, wanaume wakipokezana mabega. Mwishowe wakubwa walichoka wakatoa tamko: kijiji kisichokuwa na njia ya uhakika masika yakianza, watu wake watahamishiwa bondeni. Mama yake Stumai, Bi Zena, alilisikia tamko hilo akiwa shambani akasema njegere zake hazijui kuishi bondeni, na yeye pia hajui.

Stumai alikuwa na jibu. Alikuwa amebuni garikamba, kijumba cha kioo kinachoning'inia kwenye kamba na kuvuka korongo hewani, na kamba yenyewe ilisokotwa kwa uzibuibui, uzi unaofumwa na mashine ndogo kwa kuiga buibui, mwepesi kuliko pamba na mgumu kuliko chuma. Kilichobaki ni watu wa Baraza wamwamini. Bwana wa vyombo vya kupaa naye alikuwa anataka kibali hicho hicho.

Jina lake likaitwa. Akaenda akaketi kwenye kigoda.

"Nyoosha shingo, bwana harusi," Feruzi alimtania.

Mshenga wake akachomoza. Alikuwa mwanamke aliyefanana naye kabisa, ila aliyelala vizuri maisha yake yote.

"Waheshimiwa," alisema kwa sauti yenye asali, "nitakuwa mfupi, maana hata njegere zikikaa mno jikoni hugeuka uji."

Hakuna aliyecheka. Muda mfupi tu uliopita, Mshenga wa yule bwana alikuwa amesema maneno hayo hayo, na ukumbi ukavunjika mbavu. Visomanyuso viwili vilitazama nyuso zile zile, vikatoka na mzaha ule ule.

"Jamani," Feruzi akasikika kutoka nyuma, "njegere zimerudi."

Mshenga akazihisi nyuso zilivyopoa. Papo hapo akabadili mwendo, akaanza kuwazungumzia akina mama waliobebwa kwa machela kwenye utelezi, na machozi ya mwanga yakamtiririka mashavuni. Yalikuwa machozi mazuri sana. Mjumbe mmoja alitoa leso mfukoni akanyoosha mkono, kisha akakumbuka kwamba mwanga haufutiki, akairudisha kwa aibu.

Mwenyekiti wa Baraza aliitwa Bi Mwanahawa Mloka. Alikuwa mama mtu mzima, amejifunga kitenge cha zambarau, na tangu asubuhi alikuwa akitafuna karanga moja moja bila kusema neno. Sasa akainua kidole.

"Nina swali. Hilo gari lenu likisimama katikati ya kamba, juu ya korongo, na ndani yumo mtu. Mtu huyo atasikia sauti ya nani?"

"Swali zuri sana, Mheshimiwa Mwenyekiti," Mshenga akatabasamu. "Uwezekano wa gari kusimama ni mdogo mno, kiasi kwamba..."

"Sikuuliza uwezekano."

"Usalama wa abiria ndio moyo wa mradi wetu, na ninathamini sana kwamba umeligusa jambo hili kwa..."

Bi Mwanahawa akaweka karanga zake mezani. Ukumbi wote ukajua kwamba kuna jambo.

"Ngoja, mwanangu wa mwanga. Kwetu, mshenga akishamaliza maneno yake, shangazi wa binti ana haki ya kusema: sasa nataka kumsikia mwenye posa. Na hapo mshenga, hata awe fundi namna gani, hunyamaza. Leo mimi ndiye shangazi. Swali langu nimemuuliza mwenye posa. Wewe pumzika."

Watu wakageuka kumtazama Stumai. Bangili ikamnong'oneza sikioni: *Usinizime. Uso wa Mwenyekiti unaonyesha dalili za kulainika.* Stumai akamtazama Mwenyekiti. Uso ule haukuwa na dalili yoyote ya kulainika. Akabonyeza bangili, na yule mwanamke aliyelala vizuri akazimika kama kibatari.

Akasimama. Mara ya mwisho kusimama mbele za watu alikuwa msichana wa shule, amevaa soksi zisizolingana. Tangu hapo bangili ndiyo iliyomsemea: chuoni, kazini, hata kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake. Alifungua mdomo na sauti ikatoka ikikwaruza kama mlango wa ghala lililofungwa miaka.

"Si..." Akakohoa. "Sijui."

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Na ujue kwa nini. Mshenga alijua maneno mengi kuliko jaji na mhubiri wakiwekwa pamoja, lakini neno hilo hakuwa nalo. Waliomtengeneza walilitoa makusudi, wakiona kwamba linaharibu biashara. Wajumbe wengine walikuwa wamekaa kwenye viti vile miaka na miaka bila kulisikia.

"Hujui?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Sijui, mama. Nimeifikiria kamba. Nimefikiria breki, upepo, radi, nyani. Yaani, hata nyani nimewafikiria, maana wale watapanda tu, huwezi kuwakataza." Mtu mmoja akacheka, kicheko cha kweli, na Stumai akashangaa kwamba ni maneno yake yeye yaliyomchekesha. "Lakini huyo mtu aliyemo ndani, eee, huyo sikumfikiria. Nilidhani nikishahakikisha haanguki, nimemaliza naye."

"Na unachokijua ni kipi?"

Stumai akainama, akatoa mkobani kipande cha kamba kinachozidi kidogo urefu wa mkono, akaenda mpaka mezani akampa mkononi.

"Ikunje, mama. Zaidi. Usiionee huruma."

Bi Mwanahawa akaikunja kwa nguvu zake zote. Kamba ikatoa sauti nyembamba kama ya mbu, na alipoendelea kuibana sauti ikakua ikawa ya filimbi. Akaiachia kwa mshtuko.

"Inalia!"

"Inalia, mama. Kamba za zamani zilikatika kimya kimya. Hii, uzi mmoja ukianza kuchoka, wenzake wanapiga kelele. Uzi hauwezi kukatika kabla haujalalamika, ndivyo ulivyofumwa. Mtu wa kituoni akiisikia analisimamisha gari, anabadilisha kipande. Nimekaa nayo mwaka mzima karakana, nimeitesa mpaka majirani wakaja kuuliza kama tunafuga mbuzi."

"Walikuja na polisi!" Feruzi akadakia kutoka nyuma.

Sasa wote walicheka. Kamba ikapita mkono kwa mkono, kila mjumbe akiikunja na kuiweka sikioni kama mtoto aliyepewa kichezeo. Stumai akaendelea kuzungumza. Alikwama, akarudi nyuma, akasema "yaani" mara nyingi, akachora korongo hewani kwa mikono miwili, akaonyesha upepo unaingilia wapi. Mjumbe mwenye leso aliinama mbele mpaka kidevu chake kikakaribia meza.

Baraza likatoka kwenda kushauriana. Lilirudi kabla chai haijapoa.

"Lukolongo ipewe kamba," Bi Mwanahawa akatangaza. "Gari likivuka salama siku ya ufunguzi, watu wabaki kwao na kibali kiwe cha kudumu. Mimi mwenyewe ndiye nitakayepanda wa kwanza. Na wewe binti, swali langu sijakusamehe. Utanijibu."

Feruzi alimbeba Stumai juu juu mbele za watu wazima, mpaka askari wa mlangoni akamwambia amshushe.

Nje, kwenye ujia, Bi Mwanahawa alimsubiri. Bila meza mbele yake alionekana mdogo.

"Mume wangu alikwama kwenye lifti ya lile jengo refu la mjini," alisema. "Mshenga wa jengo akawa anamwambia: tunathamini subira yako. Asubuhi nzima. Tunathamini subira yako. Yeye anagonga mlango, anaita watu, sauti tamu inamthamini. Alitoka mzima. Lakini mpaka leo halali mlango ukifungwa, na ukimsemesha kwa upole anakasirika, anadhani unamdanganya. Kibali cha lifti zile tulikitoa sisi. Mshenga wao alizungumza vizuri mno siku hiyo." Akafunga vizuri kitenge chake. "Haya, mwanangu. Kafanye kazi."

Jioni ile Stumai alimpigia mama yake.

"Wewe ni yupi?" Bi Zena akauliza.

"Yupi vipi, mama? Ni mimi."

"Nauliza maana kuna binti mmoja hunipigia kila Ijumaa. Ana adabu, ananiuliza mgongo, ananiuliza mbuzi. Lakini tangu aanze kunipigia hajawahi kunikatiza. Wewe mwanangu hujawahi kuniacha nimalize..."

"Mama, nisikilize..."

"Ndiye!" Bi Zena akashangilia. "Ndiye mwenyewe! Haya nikatize, mama, nikatize mpaka uchoke."

Stumai alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, tena machozi yanayohitaji leso. Alikuwa ameiachia bangili Ijumaa zote zile kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi, na aliamini mama hatajua. Usiku huo walizungumza kuhusu kamba, kuhusu mbuzi, kuhusu mgongo. Alipokata simu akaivua bangili na kuitia kwenye kopo la misumari.

Kazi ikaanza. Roboti-buibui walipanda majabali wakivuta uzi nyuma yao, na watoto wa Lukolongo wakawapa majina. Mashine ya kuvuta ikafungwa kituo cha chini, breki-upepo zikafungwa kwenye gari, zile ambazo upepo ukizidi hung'ata kamba na kulisimamisha gari mpaka utulie. Kila kitu kilikwenda, isipokuwa lile swali. Feruzi alitoa shauri waweke muziki. Wakaweka, na fundi aliyejifungia ndani kujaribu akasema kwamba baada ya muda mfupi alitamani kuruka. Wakarekodi maneno ya kutuliza kwa sauti ya Feruzi. Yule fundi akasema heri muziki. Sheria ilitaka kila chombo cha abiria kiwe na Mshenga, basi wakamfunga kituoni pamoja na swichi yake, na kando yake Stumai akafunga simu ya waya, ya kizamani, iendayo moja kwa moja mpaka ndani ya gari.

"Ya nini hiyo?" Feruzi akauliza.

"Sijui bado."

"Siku hizi neno hilo umelipenda."

Siku ya ufunguzi, watu wa mjini walijaa kituo cha chini na kamera zao zinazoruka, na watu wa Lukolongo walijaa ng'ambo, vilemba na kanga vikionekana kama maua ukingoni. Bi Mwanahawa alikuwa ameshapanda kwa njia ya miguu tangu jana yake, akalala kwa Bi Zena, ili ashuke na gari. Kengele ikalia. Garikamba likaondoka Lukolongo likimeremeta, likapita juu ya migomba, likaingia juu ya korongo. Vigelegele vikatoka pande zote mbili. Feruzi alikuwa anapiga makofi huku anaruka.

Katikati kabisa ya korongo, upepo ukavuma kutoka upande wa mlima. Breki zikang'ata. Gari likasimama.

Vigelegele vikakatika. Stumai akatazama vipimo. Kamba ilikuwa kimya, haikulia hata kidogo. Breki zilikuwa zimeshika kama zilivyotakiwa. Gari lilikuwa limesimama kwa sababu linafanya kazi yake, na upepo ukitulia litaendelea. Yeye alijua hivyo. Yule aliyekuwa ndani, akitazama kati ya miguu yake na kuona utupu, hakujua.

Simu ya waya ikaita.

Kamera zote zikamgeukia. Bwana wa vyombo vya kupaa alikuwepo pia, amekunja mikono, na upepo ule ule uliomfurahisha ulikuwa umeirusha kofia yake korongoni. Feruzi akaweka kidole kwenye swichi ya Mshenga.

"Nimwashe? Sheria inaruhusu."

Stumai akatikisa kichwa. Akanyanyua simu. Alisikia kwanza pumzi, fupi fupi, halafu sauti ambayo hakuitambua mara moja, maana ilikuwa imepungua ikawa kama ya msichana.

"Hodi," ilisema. "Kuna mtu huko? Nani yupo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lile lile alilouliza Bi Mwanahawa ukumbini. Stumai akaegemea nguzo ya kituo, akaitazama nukta ya zambarau ndani ya kioo kule juu, akainua mkono wake ili uonekane.

"Karibu, mama. Ni mimi, Stumai. Tazama chini upande wa nguzo, mwenye mkono juu. Umeniona? Breki imeshika, upepo unapita, na mimi, yaani, siendi popote. Tuzungumze mpaka ufike."